Intel na AMD Bega kwa Bega: Prosesa Ipi Imfae Mnunuzi wa Tanga?

Anayeingia katika duka la kompyuta za mtumba pale Ngamiani au Chumbageni huulizwa mapema kama anataka mashine ya Intel au ya AMD, na mara nyingi hujibu kwa mazoea kuliko kwa ujuzi. Wapo wanaoamini kwamba Intel ndiyo halisi na AMD ni ya kuiga, kwa hiyo huogopa kwamba programu zao za hesabu za duka zitagoma. Na wapo vijana, hasa wapenzi wa michezo ya kompyuta, wanaoapa kwamba Intel imekwisha kupitwa na wakati. Pande zote mbili zinakosea. Prosesa, yaani zile chipu zinazotekeleza amri zote za kompyuta, za kampuni hizi mbili zinaafikiana kiasi kwamba Windows, Linux na programu zote za kawaida za ofisini hufanya kazi katika kila moja bila kubadilishwa chochote. Kwa mnunuzi wa Tanga, jina la kampuni linapaswa kuwa swali la mwisho, baada ya kizazi cha prosesa, herufi zilizo mwisho wa namba yake, soketi (tundu la ubao mama) inayoipokea, na urahisi wa kupata vipuri bila kuagiza kutoka Dar es Salaam na kusubiri basi.

Uafikiano huu ulitoka wapi

Intel ilianzishwa California mwaka 1968 na Robert Noyce na Gordon Moore. AMD ilianzishwa huko huko mwaka uliofuata na Jerry Sanders pamoja na wenzake saba. Mwaka 1978 Intel ilitoa prosesa iitwayo 8086, na nduguye 8088 ndiyo iliyochaguliwa na IBM kwa kompyuta binafsi iliyotoka Agosti 1981. IBM haikutaka kumtegemea mtengenezaji mmoja tu kwa sehemu nyeti namna ile, na kwa sababu hiyo Intel na AMD zilitiliana saini mwaka 1982 mkataba wa kubadilishana teknolojia, ulioipa AMD ruhusa ya kutengeneza prosesa za ukoo huo tunaouita x86. AMD, basi, iliingia kwa mlango, tena kwa hati iliyotiwa saini na mwenye nyumba.

Ugomvi ulikuja baadaye. Intel ilipotoa 386 mwaka 1985 ilikataa kumpa mwenzake michoro yake, na kesi zilizofuata zilidumu miaka mingi hadi suluhu ya mwaka 1995. Katikati ya vuta nikuvute hiyo AMD ilitoa Am386 mwaka 1991, ambayo ilifika megahezi 40 wakati 386 ya Intel yenye kasi kubwa kuliko zote iliishia 33. Tangu kizazi kilichotoka nusu ya pili ya miaka ya 1990, AMD hubuni michoro yake yenyewe, na kinachofanana na cha Intel ni seti ya amri, yaani zile amri ambazo programu huipa prosesa. Namna amri hizo zinavyotekelezwa ndani ni ufundi wa kila kampuni, na ndiyo maana prosesa mbili zinaweza kuendesha programu ileile zikapishana kwa kasi, joto na matumizi ya umeme.

Kisa cha Cyrix, kampuni ya Texas iliyoanzishwa mwaka 1988, kinafaa kukumbukwa na kila mnunuzi kwa sababu kinaonyesha mipaka ya neno uafikiano. Cyrix haikuwa na kiwanda. Prosesa zake zilitengenezwa na IBM na SGS-Thomson. Prosesa yake ya 6x86 iliingia katika soketi ileile ya Pentium ya Intel, na katika kazi za ofisini ilikwenda vizuri hata ikauzwa kwa jina la P200+, kudai kwamba inalingana na Pentium ya megahezi 200 ilhali yenyewe ilikwenda kwa megahezi 150. Lakini sehemu yake ya kukokotoa namba za desimali ilikuwa dhaifu, na mwaka 1996 ulipotoka mchezo wa Quake uliotegemea sehemu hiyo, 6x86 ilionekana wazi kuwa nyuma. Programu haikugoma, ilikwenda pole. Mwaka 1997 Cyrix ilinunuliwa na National Semiconductor, na mwaka 1999 ikauzwa tena kwa VIA ya Taiwan. Ninalojifunza hapo ni kwamba mnunuzi asiridhike kuambiwa "zinaendesha programu zilezile"; aulize kazi yake yeye inategemea sehemu gani ya prosesa.

Na anayesema AMD ni nakala ya Intel hana budi kueleza yaliyotokea mwaka 2003. Intel ilikuwa imeelekeza nguvu zake za biti 64, yaani prosesa zinazoshika namba na kumbukumbu kubwa kuliko zile za biti 32 za kabla yake, kwenye Itanium, prosesa isiyotumia amri za x86 kama lugha yake ya asili, wakati AMD iliamua kuzirefusha amri zilezile za zamani hadi biti 64 ili programu za jana ziendelee kufanya kazi. Opteron ya AMD ilitoka Aprili 2003, Athlon 64 ikafuata Septemba, soko likaipokea njia hiyo, na mwaka 2004 Intel yenyewe ikaanza kutumia amri zilizobuniwa na AMD. Mpaka leo anayepakua Ubuntu kwa ajili ya kompyuta yenye Intel hukuta faili limeandikwa amd64. Oktoba 2024 mahasimu hawa wawili waliunda kikundi cha ushauri cha pamoja ili kulinda uafikiano wa x86 katika miaka ijayo, kwa hiyo hofu ya kwamba siku moja programu za Windows zitakataa AMD haina msingi wowote.

Zipo tofauti ndogo kwenye kingo. Amri za AVX-512, zinazotumiwa na baadhi ya programu za kisayansi, Intel iliziondoa katika prosesa zake za kawaida kuanzia kizazi cha 12, na AMD ikaziweka katika prosesa zake za Ryzen 7000 mwaka 2022. Mwenye steshenari hatakutana nazo maisha yake yote.

Kompyuta za mezani za mtumba

Hapa ndipo wengi wetu Tanga tunaponunua, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Mashine zilizotoka maofisini Ulaya aghalabu huwa na Intel ya kizazi cha 4, cha 6 au cha 8, na kwa macho zote hufanana. Kizazi husomwa katika tarakimu za mwanzo baada ya alama ya i3, i5 au i7: i5-4590 ni ya kizazi cha 4, i5-6500 ni ya cha 6, i5-8500 ni ya cha 8, na i5-12400 ni ya cha 12. Muuzaji anayesema "hii ni i7" bila kutaja namba inayofuata hajasema kitu, kwa sababu i7 ya kizazi cha 2 ni mashine ya mwaka 2011.

Kizazi cha 8 ndicho mpaka. Kwanza, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na orodha yake rasmi ya Windows 11 inaanzia kizazi cha 8 kwa upande wa Intel, ukiacha prosesa chache za kabla yake, pamoja na sharti la TPM 2.0, kifaa cha usalama kilichomo ndani ya kompyuta. Pili, hapo ndipo idadi ya viini, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, ilipopanda. i5-7500 ina viini 4, i5-8500 ina viini 6, na hata i3-8100 ya kizazi hicho ina viini 4 kama i5 iliyoitangulia. Ongezeko hilo lilikuja miezi michache baada ya AMD kutoa Ryzen Machi 2017, ikiwemo Ryzen 7 1700 yenye viini 8 na nyuzi 16 (mikondo ya kazi inayoendeshwa kwa pamoja) kwa wati 65. Anayependa Intel anapaswa kuishukuru AMD kwa i5 yake ya viini 6.

Kwa upande wa AMD mpaka wenyewe umejificha zaidi. Orodha ya Windows 11 inaanzia Ryzen 2000, lakini si kila namba inayoanzia 2 imo: Ryzen 5 2600 imo, ilhali Ryzen 5 2400G haimo, kwa kuwa ndani yake kuna ubunifu wa kwanza wa Zen, jina la michoro ya AMD iliyo ndani ya Ryzen. Ryzen 5 3400G imo. Zile A8 na A10 za kabla ya Ryzen, ambazo bado zinaonekana madukani zikiwa na bei ya kuvutia, singemshauri mtu yeyote azichukue kwa kazi ya kila siku.

Jambo la pili ni herufi, na hili limewaliza wengi. Prosesa nyingi za Intel za mezani zina sehemu ya picha ndani yake, isipokuwa zenye herufi F mwishoni. Kwa AMD ni kinyume: Ryzen za mezani za kabla ya mfululizo wa 7000 hazina sehemu ya picha isipokuwa zenye herufi G, au GE kwa zile za wati 35. Maana yake, anayenunua Ryzen 5 3600 bila kadi ya picha atarudi nyumbani Makorora na mashine inayowaka feni huku skrini ikiwa nyeusi, na hakuna kilichoharibika. Ryzen 7000 zimewekewa sehemu ndogo ya picha, ila tena zile za F hazina.

Kwa duka la kuchapa na kutoa nakala, au maabara ya shule ya sekondari, ninachagua Intel ya kizazi cha 8 bila kusita, na sababu yangu ni vipuri tu. Mashine za ofisini za aina hii ni nyingi, hivyo feni, pawa saplai na ubao mama wa kufanana hupatikana kwa fundi wa hapa hapa mjini. Mashine ya AMD ya ofisini inaweza kuwa nzuri sawasawa, hata kuizidi ile ya Intel kwa picha, lakini ubao wake ukifa huenda ukasubiri mwenzake kwa muda mrefu. Shule yenye mashine 20 za aina moja inaweza kuitoa kafara moja iliyokufa ili kuziponya nyingine, na faida hiyo hupotea mara tu mashine zikichanganywa.

Anayeunganisha mwenyewe

Mizani hapa inaelemea upande wa AMD. Soketi yake ya AM4 ilitoka mwaka 2016 na ikapokea Ryzen kuanzia mfululizo wa 1000 hadi wa 5000; mbao mama nyingi za zamani, hata baadhi ya zile za bei nafuu za A320, zilikuja kupata sasisho la BIOS (programu ya ubao inayoiwasha kompyuta) linaloziwezesha kupokea Ryzen 5000. Mtu aliyeanza na prosesa ndogo anaweza kuibadilisha baada ya miaka mitano na kuacha ubao, RAM na sanduku vilevile. Kwa Intel, kizazi cha 6 na cha 7 hutumia LGA 1151. Cha 8 na cha 9 hutumia tundu lenye umbo na jina lilelile lakini hazifanyi kazi katika mbao za zamani. Cha 10 na 11 hutumia LGA 1200. Cha 12 hadi 14 hutumia LGA 1700. Na Core Ultra 200 za mezani za mwaka 2024 zikaja na LGA 1851. Hilo la 1151 lina hatari ya pekee, kwa sababu prosesa inaingia vizuri kabisa, mfuniko unafungwa, na kompyuta haiwaki.

AM4 nayo ina tabia zake. Pini zake 1331 ziko kwenye prosesa yenyewe, tofauti na Intel ambazo pini ziko ndani ya soketi ya ubao, na pesti ya kupitisha joto ikikauka, feni ikivutwa huweza kung'oka na prosesa na kupinda pini. Washa mashine ipate joto kwanza, izime na kuchomoa waya, kisha zungusha kipoza kidogo kidogo kabla ya kukiinua. Tena, baadhi ya Ryzen Pro zilizotolewa katika kompyuta za ofisini zimefungwa kiusalama kwenye mbao za mtengenezaji wa kompyuta hiyo na haziwaki kwenye ubao mwingine. Inunue tu ikiwa umeiona ikiwaka kwenye ubao utakaotumia.

Kuna onyo moja kwa kila upande kwa wanaotaka nguvu kubwa. Prosesa za mezani za Intel za kizazi cha 13 na 14, zile za wati 65 na kuendelea, zilikutwa mwaka 2024 na tatizo la volteji iliyopanda kupita kiasi na kuzichakaza. Intel ilitoa marekebisho kupitia BIOS kuanzia Agosti mwaka huo na kuongeza dhamana kwa miaka miwili, lakini marekebisho hayaponyi prosesa iliyokwisha kudhurika. Kwa AMD, Aprili 2023 baadhi ya Ryzen 7000 zenye jina la X3D ziliungua kwenye mbao zilizozipa volteji nyingi mno, na BIOS mpya zikaweka kikomo. Mtumba wa aina hizi ni bahati nasibu ambayo singeicheza.

Kompyuta mpakato

Prosesa ya kompyuta mpakato za leo imeunganishwa moja kwa moja na ubao, haibadilishwi, kwa hiyo kosa la dukani utaishi nalo. AMD imewasumbua wanunuzi wake kwa namba za mfululizo wa 7000: Ryzen 5 7520U ni ya ubunifu wa Zen 2, 7530U ni ya Zen 3, na 7540U ni ya Zen 4. Tarakimu ya tatu ndiyo inayosema ukweli, nayo haina kibandiko cha kuitangaza. Intel haina haki ya kucheka, maana Core 5 120U ya mwaka 2024 ina jina jipya juu ya ubunifu wa kizazi cha 13, na si ndugu wa Core Ultra zilizotolewa karibu na wakati huohuo.

Mwanafunzi wa chuo atakayeandika ripoti, kusoma na kutumia intaneti atafaidi zaidi Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, au Ryzen 5 3500U na kuendelea, yenye RAM ya gigabaiti 8, kuliko mpakato mpya kabisa wenye Celeron N4020 ya Intel ya viini 2. Ninalisema hili kwa wazazi hasa, kwa sababu upya wa sanduku huwashawishi. Ikiwa lazima iwe mpya na ya bei ya chini, prosesa ya Intel N100 ya mwaka 2023, yenye viini 4 na wati 6, ni bora kuliko hizo Celeron kwa mbali.

Video za harusi

Studio za Tanga hazikosi kazi ya harusi, na hapa kuna tofauti ya kweli kati ya kampuni hizi mbili. Kamera nyingi za kisasa hurekodi kwa H.265, mfumo wa kubana video, yenye rangi za kina za 4:2:2 za biti 10. Sehemu ya picha ya Intel kuanzia kizazi cha 11 inafungua video hiyo kwa kifaa maalumu kilichomo ndani yake, ilhali ile iliyomo ndani ya Ryzen zinazopatikana kwetu haifanyi hivyo, na kazi yote huwaangukia viini vya prosesa, picha ikaanza kukwama wakati wa kuhariri. Kwa mhariri wa namna hii i5-12400 inafaa kuliko Ryzen ya bei sawa, mradi asichukue i5-12400F, ambayo imepoteza sehemu hiyo hasa anayoihitaji. Kijana anayetaka michezo bila kadi ya picha, kwa upande mwingine, ataipenda Vega 11 iliyomo ndani ya 3400G kuliko picha za UHD 630 za i5-8500.

Joto, chumvi na umeme

Wakati wa kaskazi, chumba kisicho na kiyoyozi hupasha mashine kabla haijaanza kazi. i5-8500 hujipunguza kasi inapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi na Ryzen 5 3600 inapokaribia 95, kwa hiyo tofauti ya kampuni hapa ni ndogo kuliko tofauti ya feni safi na feni iliyojaa vumbi. Hewa ya chumvi ya Raskazone na Sahare nayo hula mbao zote bila kuchagua jina.

Wati zilizoandikwa zisomwe kwa uangalifu. i5-12400 imeandikwa wati 65 lakini huruhusiwa kupanda hadi 117 kazi inapozidi. Prosesa nyingi za AM4 za daraja hilohilo la wati 65 huwekewa kikomo cha wati 88. Mwenye kununua umeme wa LUKU kwa maabara ya shule aziangalie zile za wati 35, yaani herufi T kwa Intel kama i5-8500T na GE kwa AMD. Mashine 20 zikifanya kazi kwa nguvu zote saa 8, tofauti ya wati 30 kwa kila moja ni karibu uniti 5 kwa siku, ingawa katika kazi nyepesi tofauti hiyo hupungua sana.

Wengine sokoni

Kampuni ya Zhaoxin, iliyoundwa mwaka 2013 kwa ubia wa VIA na serikali ya jiji la Shanghai, bado ina x86 zake, lakini mnunuzi wa hapa hana sababu ya kuzitafuta. Kompyuta za Windows zenye prosesa ya Snapdragon ni jambo jingine: hizo hutumia amri za ARM, ukoo mwingine tofauti na x86, na kuzitafsiri programu za x86 zinapoendeshwa. Programu nyingi hufanya kazi, lakini draiva (programu ndogo zinazoiunganisha kompyuta na vifaa vyake) hazitafsiriwi, na printa au skana ya zamani isiyo na draiva ya ARM inaweza kubaki pambo. Mwenye steshenari asiiguse.

Kabla ya kulipa

Omba mashine iwashwe mbele yako. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa utendaji, na usome jina kamili la prosesa pamoja na idadi ya viini; kibandiko cha nje kinaweza kuwa kimetoka kwenye mashine nyingine. Iache ifanye kazi kwa nusu saa huku video ikicheza, sikiliza feni, kisha ingia BIOS uone kama kuna nenosiri lililowekwa na ofisi iliyoitumia mwanzo. Mwulize muuzaji ubao mama wa aina hiyo anao au ataupata wapi, na kwa mashine mbili zenye bei moja, kizazi kimoja na viini sawa, moja ya Intel na nyingine ya AMD, chukua ile ambayo jibu la swali hilo ni hapa Tanga.